Hela ya viazi ni yangu, lakini mume wangu hataki gari la turubai

BARUA

Mwanangu mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, nakaa Uyole hapa Mbeya. Kwa miaka 24 nimekuwa nikinunua viazi Isyonje na kuvipeleka Dar es Salaam. Watoto wanne wamesoma, nyumba imeisha, deni sina. Mwaka huu nimewaambia wanangu kwamba nataka kitu kimoja cha kwangu mwenyewe, kitu ambacho hakitabeba gunia hata siku moja. Nataka gari la kufunguka paa.

Si wazo la jana. Nilipokuwa binti tulikuwa tunatoka kwetu Tukuyu kuja Mbeya tumekaa juu ya mikungu ya ndizi kwenye lori. Ukishapita Kiwira na kuanza kupanda, upepo unabadilika. Unaanza kunusa moshi wa kuni, halafu udongo uliolowa, halafu ukungu wenyewe unakugusa usoni. Tangu nianze kukaa ndani ya magari yenye vioo sijawahi kuinusa tena njia ile. Naiona tu.

Kijana wangu wa pili amepata magari mawili kwa dalali Dar, yote BMW Z4. Moja ni Z4 Roadster la mwaka 2005, injini ya 2.5, paa la kitambaa cheusi linalojikunja lenyewe, wanataka milioni 23. La pili ni Z4 Coupe la mwaka 2007, injini ya 3.0, paa la chuma lisilofunguka, wanataka milioni 32. Hela ninayo kwa lolote kati ya hayo.

Shida ni baba yao. Ameendesha semitrela Dar mpaka Tunduma miaka 27, sasa amepumzika. Anasema la kitambaa ni la kupigia picha, mvua ya Mbeya itakaa ndani na mimi. Analiita gari la turubai. Anasema kama ni lazima nitumie hela hiyo, basi ninunue la bati, lina nguvu na ni imara. Siku moja aliongeza, "Gari likilala, turubai halikushiki," akanyamaza. Mwaka 2008 lori lake lilipinduka Kitonga. Paa la kabini lilibonyea upande wa utingo wake na yule kijana alifia palepale. Yeye alitokea dirishani. Hatujawahi kulizungumza vizuri. Ni mtu mwema, hajanikataza. Ila nikifungua picha za gari kwenye simu huinuka na kutoka nje.

Naomba unieleze kama haya magari yana tofauti kweli au ni gari lilelile limevalishwa kofia mbili. Kitambaa kitahimili mvua zetu? Na je, mimi ndiye nakosea? Dalali ametupa wiki mbili.

Ndaga fijo.

Mama wa Viazi, Uyole

JIBU

Shikamoo mama. Nakujibu kutoka Iringa, na kwa kuwa umeniaga Kinyakyusa, na mimi nakusalimu kwa salamu ya huku: kamwene.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikwama pale uliposema mzee huinuka na kutoka nje. Nitarudi hapo, maana nadhani ndipo shida yenyewe ilipo. Ila umeuliza juu ya magari, na mzee wako naye ametoa hoja za mtu anayejua barabara, kwa hiyo nianze na magari.

Hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote yalitengenezwa na BMW kwenye kiwanda chao cha Spartanburg, South Carolina, Marekani. La wazi lilitangulia mwaka 2002, la paa likafuata 2006, na yote yakakoma kutengenezwa katika umbo hilo mwaka 2008. La wazi lilitoka zaidi ya 180,000, la paa takriban 17,000 tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kuwa juu. Boneti ndefu, milango, dashibodi, siti mbili tu, vyote vinafanana. Mjukuu hapati nafasi kwenye lolote kati ya hayo, hilo mliweke wazi nyumbani mapema. Tofauti inaanzia kwenye kioo cha mbele kurudi nyuma.

Chukua boksi la viatu. Likiwa na mfuniko ulioshika vizuri, shika ncha zake mbili ujaribu kulisokota: halikubali. Toa mfuniko usokote tena, linapinda kama kitenge. Paa la gari ni mfuniko huo. Wanapoliondoa, wanalazimika kuimarisha sakafu na nguzo za kioo cha mbele, na BMW walifanya kazi nzuri kwa gari la wazi, lakini Coupe bado linahimili kusokotwa takriban mara mbili ya Roadster. Utaijua tofauti hiyo kwenye matuta ya Igurusi na Chimala. Ukiliingia tuta kwa mshazari, tairi moja ikitangulia, kwenye la wazi utaona kioo cha kati cha kutazamia nyuma kinatetemeka kidogo na utahisi fremu ya kioo cha mbele inanong'ona. Coupe litapita kimya. Halivunjiki kitu, lakini mtu aliyekaa kwenye usukani miaka 27 atalisikia tu. Mzee akisema la bati ni imara zaidi, anasema kweli.

Na kwenye nguvu yuko sahihi pia. Injini ya 2.5 ya mwaka 2005 ina nguvu za farasi 192, ile ya 3.0 ya Coupe ina 265. Halafu ninyi mnakaa juu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700, kwa hiyo la wazi litabaki na farasi wasiozidi 160 hivi. Mwulize mzee, atakukumbusha malori ya zamani yasiyo na turbo yalivyokuwa yanalia Mlima Nyoka.

Sasa niambie, mama, hizo nguvu za ziada utazipeleka wapi? Safari uliyoieleza ni ya Uyole kwenda Tukuyu. Njiani kuna pikapu za ndizi, bajaji, watoto wanaotoka shule, na vijiji ambavyo sheria inakutaka upite kwa kilomita 50 kwa saa. Kwenye 50 magari hayo mawili ni sawasawa kabisa. Ubora mkubwa wa Coupe unaonekana kwa mtu anayekata kona kwa kasi, na wewe hukuandika popote kwamba unataka kasi. Umeandika unataka kunusa njia. Coupe haliwezi kukupa hicho hata ukiongeza milioni kumi. Utakuwa umenunua gari jingine lenye vioo, tofauti ni kwamba hili liko chini na lina kelele nzuri.

Kwa hiyo upande wangu ni la wazi. Lakini usilipie chochote kabla hujasoma habari ya maji.

Watu wengi wanadhani adui wa paa la kitambaa ni mvua kupenya juu. Kitambaa cha Z4 ni kizito, kina tabaka kadhaa, na dirisha la nyuma ni la kioo halisi chenye nyaya za kuondoa ukungu, si plastiki inayopauka. Kikiwa kizima hakivuji. Maji yakigonga kitambaa huteremka pembeni, huingia kwenye mfereji nyuma ya siti, kisha hutoka kwa vimirija vinavyomwaga chini. Vimirija hivyo ni vyembamba. Na ndani ya shimo hilohilo, kwenye kona ya chini, ndipo wahandisi walipoiweka mota ya pampu inayokunja na kukunjua paa.

Nililiona kwa macho yangu kwenye gari la jamaa mmoja hapa Iringa, alilokuwa akiliegesha chini ya mikaratusi. Paa lilikuwa limegoma nusu njia. Fundi aliingiza vidole viwili kwenye kona akatoa uchafu mweusi, laini, uliooza, ungedhani ni makapi ya chai yaliyokaa kwenye birika wiki nzima. Majani yalikuwa yameziba kimirija, maji yakajaa, mota ikazama. Akaichomoa, akaiinamisha, yakatoka maji ya kahawia kama nusu kikombe. Kuifikia ilimbidi afungue sehemu kubwa ya paa, kazi ya siku nzima na zaidi, na mota yenyewe ikaagizwa nje.

Ugonjwa huu unajulikana duniani kote kwa gari hili, na dawa yake ni rahisi sana ikitangulia. Kabla ya mvua za Novemba, kisha kila mwezi mpaka mvua ziishe, fungua paa nusu, toa majani kwa mkono, mimina kikombe cha maji kwenye kona zote mbili na uinamie chini uone yanatoka. Yakichelewa, pitisha uzi mnene wa nailoni taratibu. Usitumie waya, utatoboa kimirija na maji yataingia ndani. Mafundi wengine huihamisha mota kabisa na kuiweka kwenye buti, juu, pakavu. Kwa mtu wa Mbeya mwenye ndugu Rungwe, kunakonyesha hata Juni wakati kwingine kumekauka, mimi ningeihamisha mwaka wa kwanza bila kungoja iharibike.

Jambo jingine la kitambaa: usilikunje paa likiwa limelowa ukaliacha hivyo. Hewa ya kwenu ina unyevu, litaota kuvu kwenye mikunjo na harufu haitoki. Na gari likilala liwe ndani ya banda. Wembe mmoja unatosha kulipasua paa, kwa hiyo hili si gari la kuacha Mwanjelwa ukaingia sokoni nusu saa. Gari lako la kazi usiliuze.

Msimu wenyewe ni mfupi kuliko unavyoota. Novemba mpaka Aprili utalifungua kwa kuvizia kati ya mvua na mvua. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuuma, ingawa ukipandisha vioo vya milango na kuwasha hita ya miguuni unaweza kwenda vizuri kuanzia saa nne. Agosti mpaka Oktoba ndiyo miezi yako. Jifunge kitambaa kichwani, na usidharau jua la saa saba. Huko juu linachoma ngozi hata kama upepo ni baridi na huhisi kitu. Ukipanda Isyonje saa kumi na moja jioni paa likiwa nyuma, harufu yako ya moshi na udongo iko palepale ulipoiacha.

Yapo machache ambayo hayachagui paa. Z4 la kawaida halina tairi la akiba. Lilitoka na tairi ngumu zinazoweza kutembea kidogo zikiwa hazina upepo, na kwenye barabara zetu ugumu huo unauma mgongo. Wengi hubadilisha wakaweka za kawaida, kisha hubeba vifaa vya kuzibia pancha na pampu ndogo ya umeme. Magari yote mawili yako chini, kwa hiyo njia ya Isyonje kwenda Kitulo si yenu, kaangalieni maua kwa gari lingine. Injini za aina hizo zimo pia kwenye BMW za 3 Series ambazo zimejaa nchini, hivyo vipuri vya injini vinapatikana Dar. Ila pampu ya maji ya Coupe inaendeshwa na umeme na huwa inakufa ghafla, wakati ya la wazi la 2005 inazungushwa na mkanda, na fundi yeyote mzuri wa Mbeya anaielewa. Kwenye la 2005 kagua tangi la plastiki la maji ya rejeta na mipira yake. Plastiki hizo zikizeeka hupasuka.

Sasa mzee.

Mama, umeniuliza kama ndiye unayekosea. Hukosei kutaka gari, hela ni ya jasho lako na watoto umeshawalea. Lakini ulivyoniandikia, hoja ya mvua na hoja ya nguvu umeziweka mbele, na kijana aliyefia Kitonga umemweka mwishoni kama jambo la pembeni. Nadhani kwa mzee mpangilio ni kinyume. Anapoona picha ya gari lisilo na paa, haoni gari. Anaona upande wa kushoto wa kabini yake. Na anayetaka kukaa humo safari hii ni wewe.

Kwa hiyo usimjibu kwa takwimu, hata hizi nilizokupa. Kabla ya kumpigia dalali, mkae wawili, simu ikiwa mbali, umwambie kwamba unajua anachokiona. Umwulize habari za yule kijana, jina lake, kwao wapi, mama yake yupo? Miaka mingi imepita tangu 2008 bila kulizungumza. Akinyamaza, nyamaza naye. Akitoka nje, toka naye. Hata gari lisiponunuliwa, mazungumzo hayo mnayahitaji.

Akishasema, ndipo umweleze ukweli wote, na usiufiche upande wowote. Gari likipinduka, paa la chuma linakulinda zaidi kuliko kitambaa. Hakuna wa kumbishia hapo. Lakini Z4 la wazi halikuachwa uchi: nyuma ya kila siti kuna upinde wa chuma uliosimama imara, na fremu ya kioo cha mbele imeongezwa nguvu, ili gari likilala vichwa vibaki katikati ya hivyo viwili. Vinafanya kazi kwa mtu aliyefunga mkanda tu. Asiyefunga hurushwa nje, na hapo upinde haumsaidii. Na yeye anajua kuliko mimi kwa nini semitrela hulala: mzigo uko juu, kona ni kali, breki zimechoka kwenye mteremko. Z4 liko chini sana na uzito wake uko chini. Kulipindua kwenye lami kwa mwendo wa kilomita 50 au 60 si jambo jepesi. Hatari iliyobaki, ya lori la mtu mwingine kukujia, muipunguze pamoja: msiende nalo usiku, na barabara kuu ya malori ya Iwambi na Mbalizi muiachie gari la kazi. Njia ya Tukuyu nayo ina malori yanayokwenda mpakani Kasumulu, ila asubuhi ya Jumapili hupumua.

Halafu nenda naye Dar. Usimpeleke kijana peke yake. Mwache mzee ashike ule upinde kwa mkono wake, autikise, aulalie akitaka. Ndiye mkaguzi bora uliye naye, na nadhani akipewa kazi ya kulinda atatulia kuliko akipewa kazi ya kukubali. Aliendeshe nusu saa mpaka lipate moto, kisha asikilizie usukani ukiwa katikati: Z4 za aina hii zina usukani wa umeme ambao baadhi huwa unanata, unausukuma kidogo hausogei, kisha unaruka. Ukinata, bei ishuke sana au muachane nalo. Afungue na kufunga paa mara tatu mfululizo injini ikiwa inaunguruma. Kila mara iwe sekunde kama 10, bila kusita. Anuse zulia nyuma ya siti. Mkague kadi na muhakikishe ushuru umelipwa wote. Injini iliyozidi cc 2,000 na umri uliozidi miaka kumi vyote vina tozo zake, na msirithi deni la mtu.

Wiki mbili za dalali zisikukimbize. Magari ya siti mbili hayagombaniwi kama Noah.

Na mbebe kikombe na chupa ya maji. Kabla ya kutaja bei, mzee amimine kwenye kona ya kushoto, kisha ya kulia, na wewe uchutame nyuma ya tairi uangalie. Yakitoka pande zote mbili, anzeni kuzungumza na dalali. Yasipotoka, mrudishieni ufunguo mkapande basi la usiku.